Ramani Niliyokataa Kuitia Saini

Kila kijana wa kitivo anayekuja hapa kwangu Bigwa kuniamkia, shikamoo haijaisha mdomoni ameshafungua kompyuta yake. "Madam, modeli yangu inagoma. Nitumie programu gani?" Mwanangu, kaa kwanza. Kunywa chai. Programu zipo na zitazidi kuwepo, na hiyo unayoililia leo mdogo wako ataicheka. Mimi nataka kujua ulilala wapi ulipokuwa unakusanya hizo data. Ukiniambia ulilala hotelini mjini, ukawa unapanda mlimani asubuhi na kushuka mchana, basi hata hiyo chai nakunyima.

Naitwa Semeni. Nimestaafu, lakini mdomo haujastaafu. Kazi yangu ya maisha ilikuwa kufundisha chuoni jinsi ya kutengeneza modeli za watu wanavyokutana: nani anakutana na nani, wapi, saa ngapi, na wakikutana wanafanyiana nini. Ukishajua hayo kwa muda wa kutosha, unaiuliza kompyuta: je, mwezi ujao watakutana wapi? Njia ikikatika, nani atakosa kuonana na nani? Mama yangu mdogo, Mungu amrehemu, nilimweleza hivyohivyo jikoni kwake. Akaacha kukuna nazi, akanitazama. "Yaani unachora watu wanavyotembeleana?" Nikasema ndiyo. "Na mshahara wanakupa?" Alicheka mpaka akakaa chini, na tangu siku hiyo akawa ananitambulisha kwa wageni kama mwanawe anayelipwa kwa umbea.

Aliyenifundisha umbea huo ni Profesa Mbena. Mtu mfupi, shati halichomekewi, hasira ziko karibu. Enzi zake hatukuwa na vishikwambi. Tulikuwa na ubao wa plaiwudi, misumari na nyuzi za cherehani. Msumari ni nyumba, uzi ni safari. Uzi mwekundu wa asubuhi, wa bluu wa jioni. Ukimaliza kijiji kimoja vidole vinauma kama umevuna mpunga. Kuna siku tulifungua stoo tukakuta panya amekata nyuzi za kijiji kizima. Mimi nikaanza kulia. Profesa akauangalia ubao, akaniambia, "Unalia nini? Kijiji hakijafa. Rudi ukakiulize tena." Na nilirudi kweli, na baadhi ya nyuzi hazikurudi pale zilipokuwa, maana watu walikuwa wameoana, wamegombana na kuhama.

Profesa Mbena alikuwa na neno moja alilolirudia mpaka tukamkinai. Alisema nukta mbili zikikutana kwenye ramani, wewe bado hujajua kitu. Mama mkwe na mkamwana wanakutana kila siku. Polisi na mwizi nao wanakutana. Nenda ukaone wanavyosalimiana.

Vijana wa siku hizi mmepata mitambo, nami siichukii. Thubutu! Nani anataka kurudi kwenye nyuzi? Ila mtambo unatoa jibu haraka kuliko mtu anavyopata muda wa kujiuliza kama swali lilikuwa na akili. Kule Kisaki, kwenye stesheni ya reli, tuliwagawia wafanyabiashara vifaa vidogo vya kurekodi mahali walipo. Mama mmoja muuza maandazi alikitia chake kwenye mfuko wa bidhaa. Baada ya muda mwanafunzi wangu akaniletea sura nzima ya ripoti. Yule mama, kwa mujibu wa modeli, alikuwa ameondoka Kisaki ghafla na kuhamia Mbeya, na mwanafunzi alikuwa ameshaandika kurasa na kurasa juu ya wanawake wa vijijini kukimbilia fursa za kiuchumi. Ameipamba kwa nadharia, imependeza kweli. Nikamuuliza, "Umempigia simu?" Akababaika. Nikapiga mimi. Mama yuko palepale Kisaki, anakaanga maandazi, na anauliza kama nina habari za kile kidude chake, maana anadhani kilidondokea kwenye furushi la abiria aliyekuwa anakwenda Mbeya. Yule kijana leo ni mtu mkubwa na nikikutana naye bado namuuliza habari za fursa za kiuchumi.

Sasa nije kwenye lile mnalotaka, maana najua mmelisikia likiwa limepindishwa.

Shule ya kiangazi niliianzisha mwenyewe. Jina lilitoka kwa wafadhili. Sisi wa hapa tunajua miezi hiyo Uluguru ni kipupwe, ukitoka nje asubuhi meno yanagongana. Vijana walikuja kutoka vyuo mbalimbali, wiki za mwanzo darasani wakijifunza hesabu za modeli, kisha tunapanda nao Matombo, kwenye kijiji kilicho juu kabisa, mbali na barabara ya magari. Tulilala kwa wenyeji. Niliipenda shule ile kuliko kitu chochote nilichofanya chuoni, nasema wazi. Wanafunzi walikuja wanajidai kwa kompyuta zao, wakaondoka wanajua jina la mbuzi wa mwenye nyumba.

Mwaka ule wa mwisho wafadhili walikuja na jambo jipya. Walikuwa tayari kujenga soko la kisasa, lenye bati na sakafu ya saruji. Swali lilikuwa lijengwe wapi: kule juu kwenye gulio la kijiji, au chini barabarani. Ramani ya shule yetu ndiyo ingeamua: palipo na watu wengi wanaokutana kwa amani, ndipo lijengwe. Na likijengwa chini, gulio la juu lingefungwa, walishasema.

Nikamweleza Mama Yusta, ambaye nyumbani kwake ndiko nililala miaka yote. Mama Yusta ni mjane, anauza ndizi, pilipili manga na mdalasini. Alikuwa anamenya magimbi. Akasema, "Mwalimu, mimi nikiuza hapa juu, dalali anapanda kunifuata, anahema, ana kiu, bei nampangia mimi. Nikimfuata mimi kule chini na mkungu kichwani, jua linazama na sina pa kulala, bei anapanga nani?" Hilo ndilo lililokuwa kwenye mizani, wanangu. Riziki ya yule mama na wenzake wote wa mlima ule.

Dodoso lilikuwa ndani ya vishikwambi, limetengenezwa mbali na huku, linatumika nchi nyingi. Kila watu wawili wakikutana, mwanafunzi anaandika mahali, saa, kisha anatiki kisanduku kimoja kati ya viwili: amani au ugomvi. Akitiki amani, kishikwambi kinamuuliza kama palikuwa na matusi. Basi. Nililalamika mapema. Mratibu wa mradi, kijana nadhifu kutoka Dar es Salaam, akaniambia tusijisumbue, ugomvi kila mtu anaujua akiuona.

Haya. Wiki ileile tukapata msiba. Alifariki mjomba wake Mama Yusta, mtu mzima, kijiji kizima kikasimama. Nanyi mnaotoka mlimani mnajua, kwenye msiba kazi ni za watani. Watani wa ukoo wa Mama Yusta ni ukoo wa Mzee Mkude, babu mwenye sauti ya tarumbeta na tumbo linalomtangulia. Ndio waliochimba kaburi. Jeneza likafika, tukajiandaa kuzika, mara Mzee Mkude akatumbukia kaburini, akajilaza chali.

"Hazikwi mtu hapa!" akapiga kelele. "Marehemu alikuwa mchoyo, hajawahi kunipa hata mguu wa kuku! Leteni jogoo, la sivyo nalala mimi!"

Mama Yusta, macho yamevimba kwa kilio, akasogea ukingoni. "Toka humo, mwizi mkubwa wewe! Kaburi lenyewe halikutoshi na hilo tumbo!"

Watu wakacheka na machozi yanawatoka. Ndiyo utani ulivyo, unakuacha hujui kama unalia au unacheka, na jambo zito linapitika. Jogoo akaletwa, Mzee Mkude akatoka akimkumbatia, akamkabidhi mtu. Kisha huyohuyo akarudi, akampokea marehemu kwa mikono yake, akamlaza taratibu.

Pembeni yangu alisimama Idrisa, mwanafunzi wangu kutoka Temeke, kishikwambi mkononi. Akatiki ugomvi. Kuzuia maziko: ugomvi. Matusi: ugomvi. Kudai jogoo kwa vitisho: ugomvi tena.

Siku ya gulio ndiyo ikawa balaa. Mzee Mkude alipita kwenye meza ya Mama Yusta, akanyanyua chane ya ndizi bila kusema hodi, akaondoka nayo. Mama Yusta akampigia kelele ya mwizi, akaokota ganda akamrushia mgongoni. Meza ya pili, mtani mwingine, hivyohivyo. Ukoo mmoja ulikuwa bado na msiba, kwa hiyo watani walikuwa wamechangamka kupita siku zote; ndiyo kazi yao, kuwachangamsha wafiwa. Wanafunzi walitiki mpaka vidole vikachoka.

Tukarudi chuoni, modeli ikaendeshwa, ramani ikatoka. Loo! Gulio lote jekundu. Wekundu umeshuka na vijia mpaka mtoni. Na utabiri wa miezi ijayo ulionyesha ugomvi kati ya zile koo mbili ukisambaa kama moto kwenye majani makavu. Chini barabarani, ambako watu wanapita bila kujuana, kijani kitupu. Amani tele, maana hakuna anayemjua mwenzake.

Nikawaweka wanafunzi wote darasani. Nikauliza, "Nani kati yenu, alipokuwa anatiki ugomvi, aliamini moyoni kwamba wale watu wanagombana?"

Wakaanza kuchekeana.

"Idrisa, baba. Sema."

"Madam, mwanzoni yule mzee alivyozama kaburini nikasema hapa kimeumana," akasema. "Lakini watu si walicheka? Nikajua ni utani. Sasa ningetiki nini? Kisanduku hakipo."

"Ungetiki amani."

"Amani na mtu kaitwa mwizi, Madam? Kishikwambi kilikuwa kinaniuliza kama kuna matusi. Nikisema yapo, chenyewe kinapeleka kwenye ugomvi."

Na alikuwa sahihi! Hapo ndipo hasira zilinipanda, wala si kwa Idrisa. Darasa zima lilijua ukweli, mimi niliujua, mlima wote uliujua, na bado ukweli haukuwa na mahali pa kuandikwa. Sikieni vizuri enyi wapenda mitambo: hapakuwa na mjinga hata mmoja katika kisa hiki. Watu wenye akili timamu walitengeneza uongo mkubwa kwa kujaza fomu vizuri.

Nikampigia mratibu. Nikamwomba kisanduku cha tatu, cha utani, turudi mlimani tukarekebishe, hata kwa nauli yangu. Akaniambia kwa upole, "Madam, dodoso limeshapitishwa. Tukiongeza kisanduku, data za hapa hazitalinganishwa na za nchi nyingine."

"Mwanangu, hizo nchi nyingine hazina watu?"

Akacheka kidogo. Kisha akaniletea njia ya mkato. "Basi tuondoe tu rekodi za watani. Tuseme ni dosari."

Nusura nikubali. Nilizima simu nikaenda kuondoa kweli rekodi zile kwenye nakala, nione. Kule juu ramani ikabaki nyeupe, maana karibu kila meza ya gulio ilikuwa ya watani. Mama Yusta na Mzee Mkude wakawa watu wasiowahi kuonana. Nikakumbuka aliyonisimulia Mama Yusta mwenyewe: mwaka aliougua, mvua imekata njia, waliomfunga kwenye machela na kumshusha mpaka kwa daktari walikuwa Mkude na wanawe, na njia nzima walikuwa wanamtukana kwa uzito wake, naye anawajibu kwa sauti ya mgonjwa. Ndio watu nilioambiwa niwaite dosari. Roho iliniuma, wanangu, sitawaficha. Nikiacha wekundu, gulio linafungwa kwa sababu ya ugomvi. Nikifuta, linafungwa kwa sababu halina watu. Njia zote mbili zinamshusha Mama Yusta barabarani na mkungu kichwani.

Ramani ile, kwa utaratibu wetu, haikuwa inatoka bila saini ya mwalimu mkuu wa kozi na majina ya waliokusanya data. Mwalimu mkuu ni mimi. Mratibu alijua, ndiyo maana aliniletea kalamu mpya kabisa siku ya hafla ya kufunga.

Ukumbi umepambwa, wageni wamekaa, vyeti vya wanafunzi vimepangwa mezani na utepe wake. Ramani imeangazwa ukutani, nyekundu imeenea. Nikaitwa mbele niisifie. Nikasimama, nikasema, "Ndugu wageni, hesabu za ramani hii ni sahihi, nimezikagua mwenyewe. Kinachosemwa na ramani hii ni uongo. Watu hawa hawagombani. Hawa ndio wanaozikana. Tumewauliza swali ambalo halina nafasi ya jibu lao. Siitii saini."

Mratibu akaja karibu, akaninong'oneza, "Madam, tafadhali, usituaibishe. Fikiria wanafunzi. Bila ramani hakuna cheti."

Hapo alinipata. Nilikuwa nimejiandaa kupoteza changu, sikuwa nimejiandaa kupoteza chao. Nikageuka kuwatazama, nikaanza kusema kwamba wao hawahusiki, kwamba uamuzi ni wangu peke yangu. Idrisa akasimama kabla sijamaliza.

"Samahani Madam kukukatisha. Na mimi naomba jina langu litoke kwenye hiyo ramani. Mimi ndiye niliyetiki."

Nikamwambia, "Idrisa, kaa chini, usijiharibie."

"Nimeshajiharibia, Madam. Nimemwita mzee wa watu mgomvi, na nilikula ugali kwake."

Akasimama mwenzake. Akasimama mwingine. Mwisho hakuna aliyebaki kwenye kiti upande ule wa ukumbi. Wengine walikuwa wanalia, maana walikuwa wameacha vibarua vya likizo kuja kutafuta kile cheti. Nami nililia, mbele ya wageni, kamasi na kila kitu, na sikujali. Vyeti vilibaki mezani na utepe wake. Nimewahi kupewa tuzo na ngao zimejaa kabatini. Hakuna hata moja inayofika miguuni pa watoto wale waliosimama.

Ramani isiyo na saini wala majina haikwenda popote. Wafadhili wakachukua bati zao wakazipeleka mkoa mwingine. Kuna wenzangu mpaka leo wananicheka: Semeni kawakosesha Waluguru soko la kisasa. Ni kweli, gulio halina bati. Mvua ikinyesha wanavuta turubai. Nilipanda mwenyewe kumweleza Mama Yusta, nikiwa nimejiandaa kulaumiwa. Akanisikiliza mpaka mwisho, huku akifunga mdalasini mafungu mafungu. Akauliza, "Kwa hiyo tunabaki hapa?" Nikasema mnabaki. Akasema, "Haya. Shika upande huo wa turubai, mawingu hayo." Tukalifunga pamoja, na dalali wa kwanza alikuwa anafika, anahema.

Mwaka uliofuata shule ya kiangazi haikuwepo. Barua hakuna, fedha hakuna, basi la kwenda Matombo hakuna. Ndiyo ikawa mwisho wake. Wiki ya kustaafu kwangu mkuu wa kitivo aliniita ofisini. Si mtu mbaya, tulisoma wote. Akafunga mlango, akavua miwani, akasema kwa masikitiko ya kweli, "Semeni, kozi ile uliijenga kwa mikono yako. Umeiua mwenyewe kwa sababu ya gulio la ndizi."

Nikamwambia, "Ndiyo. Irudisheni na dodoso lilelile, niiue tena."